Saumu Tatu kwa Ajili ya Toronto

Mpaka leo, nikisikia harufu ya glavu za sufu zinazokauka juu ya hita, namkumbuka Ami Seifu, na tumbo linaniuma kwa njaa.

Nilikuwa binti wa miaka tisa. Tuliishi Toronto, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Thorncliffe Park, nami nilipenda hoki ya barafuni kuliko chakula. Ami, mdogo wake Baba, aliishi Montreal. Alikuja kututembelea wiki ambayo timu za miji yetu miwili zilikuwa zinacheza.

"Nyinyi wa Toronto mnatazama tu," alinichokoza. "Kwetu kuna wazee wanapanda ngazi za kanisa kwa magoti kuiombea timu. Wewe yako umeifanyia nini?"

Niliona fedheha. Nikasimama mbele ya televisheni, nikatamka kwa Kiswahili, maana niliogopa Kiingereza changu cha kila siku hakitahesabiwa: Toronto ikishinda, nitafunga siku tatu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Baba, aliyekuwa akisomesha dini watoto wa jengo letu, alinitazama tu juu ya miwani.

Toronto ikashinda.

Siku ya kwanza niliimaliza kwa majivuno. Ya pili Ami naye akafunga, eti anaona haya kula peke yake. Ya tatu, darasani waliletewa piza. Nilikimbilia maktaba, nikasoma ukurasa mmoja mara kumi. Nilipofika nyumbani nililia, nikamwuliza Baba kama naruhusiwa kula. Ilibaki saa nzima jua lizame.

"Ulimwahidi nani?"

"Mungu."

"Basi mimi naingiaje hapo?"

"Kaka, mwonee huruma, huyu mto..." Ami alianza. Baba akamkonyeza aache.

Nikangoja kando ya hita, glavu za Ami zikikauka juu yake. Wakati wa adhana ya magharibi ulipofika, Ami alinisogezea tende ya kwanza. "Haya, mwanangu. Montreal tumesalimu amri."

Miaka mingi baadaye, nikisoma fikihi, yaani sheria za dini, nilifika mlango wa nadhiri: nadhiri ya mtoto ambaye hajabaleghe haimlazimu. Nikampigia Baba simu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshazungumza na Mungu kama mtu mzima. Niliona vibaya kukukatiza."

Sasa mlango huo nausomesha mimi. Mtoto akiniletea nadhiri yake, sheria namweleza yote, simfichi. Lakini kwanza namwacha aseme mpaka amalize.