Mama Mkwe Alipojibu Swali la Mchungaji

Katika kanisa letu la kule Mghange, mtu hakubatizwa kabla ya kusimamishwa mbele ya watu wote na kuulizwa habari zake. Mchungaji aliinua mkono akasema, "Je, yuko mwenye neno juu ya hawa?" Halafu alinyamaza kidogo, mzee mmoja akakohoa, mtoto akalia, na ibada ikaendelea. Hakuna aliyewahi kujibu. Tulidhani ni maneno ya kitabuni tu, yanasemwa kwa sababu yameandikwa.

Mwaka wangu swali hilo lilijibiwa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikuwa wanafunzi wachache wa ubatizo, tumesimama mbele na nguo zetu nyeupe za marekani zilizofuliwa mpaka zikang'aa. Swali lilipoulizwa, nilisikia benchi la nyuma likilia. Nikageuka. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kanisani, alikuwa amesimama na leso yake ya shambani, matope bado miguuni.

"Mimi ninalo," akasema. "Huyu mke wa mwanangu ana hasira na mimi, na amekataa kuitoa."

Mchungaji wetu alikuwa Mtaita kama sisi, mtu wa haki, na mwoga wa kukosea mbele za Mungu. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, kisha akasema kwa upole kwamba nirudi nikapatane na mama yangu, tuonane mwaka unaofuata. Wenzangu wakabatizwa. Mimi nikatoka mlango wa kando na nguo yangu nyeupe, nikapanda mlima peke yangu, na machozi yaliponitoka hayakuwa ya toba. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yakavuma.

Yafaa nieleze mambo ya hasira kwa wale ambao hawakulelewa kwetu. Kwa wazee wetu, hasira inayokaa moyoni mwa ndugu ni kitu cha hatari. Haimdhuru mwenye nayo. Inawaumiza watoto, mifugo na mimea. Kwa hiyo huwezi kuiacha ikae. Unachukua maji, au maji ya miwa, unajaza kinywa, unayapuliza chini huku ukisema kati ya funda na funda: kama nina hasira na fulani, na itoke, na apone, na awe mzima. Hilo kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, huitwa kutasa. Mchungaji alilikataza kwa sababu lilifanywa pamoja na kuwaita wazee waliokufa. Mtu wa darasa la ubatizo aliyetasa alifutwa.

Basi msimu wa kupanda kabla ya Jumapili ile, mama mkwe alikuja shambani na kibuyu cha maji ya miwa, akanisogezea nianze. Nilikataa. Nilikuwa mwanafunzi hodari, mwenye kujua amri zote kwa mpangilio, na nikageuza mgongo nikaendelea kuchimba mashimo ya mahindi. Nilichoona mimi ni kwamba nimeikataa dhambi. Alichoona yeye ni mtu anayesema, hasira yangu nitabaki nayo.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya reli Voi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alipopata habari alicheka kwanza, akaacha alipoona uso wangu. "Wewe na mama ni kichwa kimoja," akasema. "Sijui nani atamfundisha nani." Nikamwambia nitabatizwa katika kanisa lile lile, mbele ya watu wale wale, na mama yake akiwapo. Akasema sawa, na akaomba chakula.

Nilianza kwa utumishi. Nilimtekea maji kabla ya yangu, nikamlimia kipande chake cha maharagwe, nikampelekea ndizi zilizoiva vizuri. Alipokea vyote na kushukuru, maana alikuwa mtu mwenye adabu, lakini hakunitazama machoni. Nami niliporudi kwangu na kibuyu kitupu niliomba kwa meno yaliyobanana. Mungu alijua sikuwa nimempelekea mama ndizi. Nilikuwa nimejipelekea ubatizo.

Huku kanisani jambo lilikuwa limeanza ambalo hakuna aliyelitarajia. Watu waliogopa. Kama mwanamke asiyesali ameweza kusimama na kujibu lile swali, basi yeyote angeweza. Wazee wawili wa kanisa waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya mfereji wa maji wakaonekana wakiutengeneza pamoja, kila mmoja na jembe lake. Mwanamke aliyeimba sauti ya kwanza alikwenda kwa jirani yake kuomba radhi kwa neno alilolisema kisimani. Mchungaji akashika uzi huo huo akahubiri miezi mingi. Hata akatangaza kwamba tangu sasa hakuna atakayehudumu akiwa na mtu mwenye neno juu yake, wala mzee, wala mwimbaji, wala yeye mwenyewe. Tuliitikia amina kwa nguvu. Makanisa ya jirani yalisema Mghange wameshikwa na Roho. Mimi nilisema kimoyomoyo wameshikwa na mama mkwe wangu.

Katikati ya mwaka nilimwendea mchungaji nikamwambia mama hajui njia nyingine ya kutoa hasira ila ile moja. Alifikiri sana. Alikuwa ananionea huruma, hilo namshuhudia. "Kunywa maji si dhambi," akasema. "Atakapokupa kibuyu, pokea, sema maneno mema, kisha kunywa. Usipulize. Maliza kwa amina."

Lilionekana neno la hekima. Nilikwenda kwa mama mkwe nikiwa na kibuyu changu mwenyewe. Uso wake ulifunguka, nilikuwa sijapata kuuona hivyo tangu nilipoolewa. Akaketi chini, akaninyooshea mikono. Nikajaza kinywa, nikasema maneno niliyofundishwa kadiri mtu anavyoweza kusema na maji kinywani, nikameza.

Alipiga yowe. "Umeimeza! Umeimeza hasira mbele yangu!"

Nilijaribu kumweleza habari za amina. Hakutaka kusikia. Kwake nilikuwa nimeivuta hasira mpaka mdomoni, ikiwa tayari kutoka, halafu nikaishusha tena tumboni kwa makusudi. Asubuhi yake alifunga mzigo akateremka kwenda kwa binti yake aliyeolewa Kasigau, na kijiji kizima kikajua kwamba mimi ndiye niliyemfukuza mama mzazi wa mume wangu kutoka boma lake.

Hapo ndipo nilipopiga moyo konde. Wanawake wa kanisa walinishauri nisubiri apoe. Nikawaambia mtu hapoi kwa kuachwa. Nilipata nafasi juu ya lori la mboga hadi Voi, mume wangu akanitafutia tiketi ya treni mpaka Maungu, na kutoka pale nikatembea na akina mama waliokuwa wakirudi Kasigau kutoka sokoni. Jua la nyikani si la milimani. Nilifika nikiwa nimechoka kabisa, na hotuba nzuri niliyokuwa nimeitunga njiani yote ikiwa imenipotea.

Ndovu walikuwa wamepita katika mahindi ya wifi yangu. Nilimkuta mama mkwe pembezoni mwa shamba, anapiga debe ili wasirudi.

"Umefuata nini?" akauliza bila kuacha kupiga.

"Nimekufuata wewe, mama."

"Na maji yako ya kunywa?"

"Sina maji. Nimekuja na hasira. Ulisema kweli kanisani. Ninayo."

Debe likanyamaza. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeanza, sikuweza kuacha. Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimelisema hata katika maombi. Siku tulipomzika mtoto wangu wa kwanza, alisema mbele ya waombolezaji kwamba hasira ya nyumba hii ndiyo iliyomchukua. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile, mke mpya. Nilijua ananisema mimi. Nikaja kanisani, nikajifunza kusoma, nikaimba, na muda wote neno lile lilikuwa limenikaa kooni.

Mama mkwe aliweka debe chini.

"Nani alikutaja wewe?" akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nasema hasira yangu. Mwanangu alipokwenda kukaa Voi hakuniaga vizuri, nikaiweka moyoni. Mtoto akaugua nikiwa bado sijaitoa. Nilitasa, lakini nilichelewa. Ndiyo maana nilikuletea kibuyu shambani. Nilitaka tuitoe wote wawili, ili mtoto mwingine akija akute nyumba safi. Ukanigeuzia mgongo, nikasema, basi, amejua kwamba ni mimi niliyemuua, na hatanisamehe."

Niliketi chini kwenye mabua yaliyovunjika. Mtoto wangu alikufa kwa surua, kama watoto wengi msimu ule. Niliamini hivyo siku ile na naamini leo. Lakini huyu mama alikuwa amebeba kifo chake peke yake tangu mazishi, na mimi mwenye amri zote kichwani nilikuwa nikimpelekea ndizi. Nilimpenda wakati ule. Sikuwa nimempenda kabla.

Wifi yangu alituletea maji ya mtungini. Mama alipuliza kwanza, akaitaja hasira yake, akaniombea uzima na watoto. Halafu akanipa. Nilijua vizuri kwamba nikipuliza huenda nikafutwa darasani. Nikaomba kwa Mungu, kwa jina la Yesu, nikaitaja hasira yangu kwa sauti, nikapuliza maji yote mpaka tone la mwisho.

Tulirudi Mghange pamoja, na nilikwenda kwa mchungaji kabla hata ya kuosha miguu, nikamweleza kila kitu.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza. "Kasigau ni mbali. Hakuna mtu wetu aliyekuona."

"Sitaki kubatizwa na neno nililolificha."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Basi mwaka huu pia haiwezekani. Sheria ni sheria."

"Mwaka ujao nitakuwa hapa," nikasema. "Na ule mwingine. Mimi sina pengine pa kwenda."

Siku ya ubatizo nilikaa na watu wengine, nguo yangu nyeupe nimeiacha nyumbani. Mama mkwe alikuja pia, akakaa kando yangu. Wanafunzi wakasimama. Mchungaji akauliza swali lake, na safari hii kanisa zima lilishika pumzi, maana sasa halikuwa swali la kitabuni.

Mama mkwe akasimama. Nilimvuta leso; akauchomoa upindo mkononi mwangu.

"Ninalo," akasema. "Si juu ya hao watoto, wabarikiwe. Ni juu yako wewe, mchungaji. Nina hasira na wewe. Huyu nimepatana naye, nawe umemfungia mlango kwa sababu tumepatana."

Hakuna aliyekohoa. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Akakifunga, maana ndiye aliyetangaza kwamba hatahudumu mtu mwenye kushitakiwa, na sote tulikuwa tumeitikia amina. Alishuka akaja mpaka kwenye benchi letu.

"Nifanye nini, mama?" akauliza.

"Mimi sijui mambo yenu. Najua hasira hii haitaki kukaa. Nipe maji."

Kanisani hamkuwa na maji mengine ila yale ya kwenye beseni, mbele, yaliyowekwa kwa ajili ya ubatizo. Mchungaji aliyatazama. Nilimwona akiwa mtoto wa mama fulani wa milima hii, ambaye bila shaka alimpulizia maji alipougua. Alikwenda, akachota kwa kikombe, akamletea.

Mama mkwe alijaza kinywa, akapuliza kwenye sakafu ya udongo mbele ya miguu ya mchungaji, akasema, "Na itoke. Awe mzima, na watu wake wawe wazima." Kisha akamrudishia kikombe na kuketi.

Mchungaji alikiweka kikombe kwenye benchi. Halafu akanishika mkono, akanipeleka mbele pamoja na wengine, katika gauni langu la kila siku, na maji yaliyobaki katika beseni yakatutosha sote.