Parenkima ya Mama

Harufu ya michembe ikichemka huwafurahisha watu wengi wa kwetu Tabora. Mimi hunipandisha hasira. Nikiisikia inatoka jikoni kwa jirani, tamu na nzito, na karanga zikitwangwa pembeni, nafunga dirisha, kisha najiona mjinga, kisha nalifungua tena. Nisikilizeni kwanza kabla hamjanicheka.

Mama yangu alikuwa bingwa wa michembe pale mtaani kwetu Kanyenye. Viazi vitamu vikishavunwa, alivimenya, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya bati mpaka vikagongana kama kokoto. Ilikuwa kazi ya kuinama kutwa, na mgongo ulipoanza kumuuma tukailaumu hiyo. Baba alimnunulia vidonge vya maumivu dukani, na vilipokwisha akamnunulia vingine. Miguu ilipovimba, na uso ukawa unaamka umejaa, ndipo tukampeleka hospitali.

Nilikwenda nao ili nimbebee Mama vitu vyake. Alipigwa picha ya tumbo, kisha tukaingizwa kwa daktari, kijana ambaye Baba angeweza kumzaa. Baba, fundi cherehani mwenye mvi kichwa kizima, akampa shikamoo. Naye akaitikia marahaba bila kuinua macho. Hilo peke yake lingetosha kunikasirisha mpaka leo.

"Ni parenkima," alisema, akiitazama ile picha. "Pande zote mbili. Atarudi kliniki. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, daktari," Baba akasema.

Huyo ndiye Baba aliyekuwa akimhoji mteja wa suruali mpaka mteja anachoka: pindo liwe pana kiasi gani, mfuko ukae wapi, mkanda upite vipi. Mbele ya koti jeupe ulimi ukamganda. Kwetu mkubwa akikuuliza kama umeelewa, adabu ni kuitikia. Ukisema hapana, ni kama umemwambia hajui kueleza. Tukaondoka tumeshika neno moja ambalo hakuna aliyelijua.

Neno likakaa nyumbani kama mgeni wa heshima. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa ni parenkima, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyependa kuugua kila wanachougua wenzake, alirudi siku chache baadaye, akashika goti na kusema hata yeye parenkima inamsumbua. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Haya, tugawane basi, mwenzangu," alimwambia.

Mgongo tuliendelea kuutibu kivyake. Tuliona mgongo ni mgongo, na parenkima ni parenkima. Baba alileta vidonge kutoka dukani, Mama akavimeza na chai, akainama tena kwenye viazi vyake. Siku ya kliniki ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Nilikuwa kidato cha tatu mwalimu wetu wa baiolojia alipoingia darasani na kiazi kitamu mkononi. Alikipasua, akatuonyesha ganda, kisha nyuzi zinazopitisha maji na chakula. "Nyama yote hii iliyobaki, kwa sehemu kubwa, ndiyo parenkima," alisema. "Ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Hata figo lina yake, inayochuja uchafu wa damu. Ikiharibika, figo limebaki jina."

Nilisimama nikauliza kama vidonge vya maumivu vinaweza kuiharibu. Akasema vinaweza, vikimezwa ovyo kwa muda mrefu, na mwenye figo bovu asivimeze bila daktari kujua. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Aliniita kwa jina, sikugeuka.

Baba nilimkuta akikata kitambaa. Sikumwamkia. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikamuuliza kwa nini hakuuliza.

Aliuweka mkasi chini. "Nilidhani watu wote wanalijua neno hilo isipokuwa mimi," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Vidonge nilinunua mimi, mwanangu."

Miaka mingi nilimkasirikia yeye. Nilikuja kumwelewa ukubwani, siku niliyokaa mwenyewe mbele ya daktari na mtoto wangu mgonjwa mapajani, nikajisikia nikiitikia ndiyo, ndiyo, kwa mambo nisiyoyaelewa hata nusu. Nilipata aibu, kisha nikapata hasira mpya, na hii ilijua pa kwenda. Baba hakumuua mtu. Lakini hakuna aliyeweza kumwambia hivyo akakubali. Aliingia kaburini akijihesabu muuaji wa mkewe. Yule kijana, nasikia, sasa ni daktari mkubwa. Wala hatukumwomba atibu kisichotibika. Tulihitaji atuambie figo. Ni neno fupi, hata mtoto wa chekechea analijua, na angeweza kulisema bila hata kuinua macho.