Mishale Iliyoelekea Kushoto

Hakuna aliyenisomesha. Nilifua mashuka ya hoteli Diani hadi nikapata ada ya stashahada ya maabara, nikafanya kazi Uarabuni, kisha nikarudi Msambweni na kujenga nyumba ya vigae. Nayasema mwenyewe kwa kuwa hayupo mwingine wa kuyasema. Jioni viti vyote vya sebuleni ni vyangu.

Mwaka huu nilijifunza kivinjari cha jenomu, tovuti inayofungua maandishi ya urithi wa binadamu, herufi nne zikijirudia mamilioni kwa mamilioni. Nilikuwa na sababu moja. Mdogo wangu wa kike alifariki kwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa darasa la tano, na mama hadi leo anaamini yeye ndiye aliyemuua, kwa kumpeleka Gazi siku ya mvua na kumrudisha amelowa. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba ugonjwa haukuletwa na mvua.

Niliandika jina la jeni ya ugonjwa huo, ukurasa ukaruka hadi kromosomu ya kumi na moja. Nikakuza picha mpaka herufi zikaonekana. Nilikuwa nikitafuta GAG, mahali ambapo A ikigeuka T, chembe ya damu hupinda kama mundu. Sikuiona. Siku kadhaa nilihesabu kutoka kushoto, nikaanza kuilaumu tovuti. Ndipo nilipoitazama mishale midogo juu ya jeni: yote ilielekea kushoto. Jeni hii husomwa kutoka kulia, kama tulivyosoma Kurani chuoni utotoni. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza, nikahesabu upya, na GAG hiyo hapo. Mtu wa stashahada, bila mwalimu! Nilicheka peke yangu, sauti ikanirudia kutoka ukutani.

Asubuhi nilimleta mama. Nilimweleza kwamba mtoto hupata nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa kila mzazi, na mdogo wangu alizaliwa na mbili zenye kosa. Hata asingelowa maishani mwake, ugonjwa angekuwa nao.

Mama aligusa kioo kwa ncha ya leso. "Hii ndiyo yake?"

"Hapana, Mama. Ni ya watu wengine, ya kulinganishia tu."

Akaishusha leso. "Basi si mvua. Nilimpa mimi, tangu tumboni."

Hilo sikulitarajia. Nilimwambia ni yeye na marehemu baba, sawa kwa sawa, wala hawakujua. Hakunisikiliza.

"Na wewe nilikupa?"

Nilipimwa kule ugenini na sikuwahi kumwambia mtu. "Nakala moja, Mama. Haijaniumiza."

Akanishika kiganja, akakibonyeza kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimbonyeza mdogo wangu maumivu yalipomshika.

"Lifunge hilo, mwanangu."

Chai hakuinywa. Alivaa buibui, akasema ataswali kwake. Sikuifunga kompyuta. Nilikaa na herufi za watu wengine mpaka kioo kikazimika chenyewe.