Mwamuzi Aliyesikiliza Maombi Yangu

Mwamuzi alianza kusoma uamuzi wake kabla wifi yangu hajakalia kiti.

Sitanii. Mwenzangu bado anavuta kiti, mkoba begani, mzee keshakohoa mara mbili na karatasi keshaikunjua.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi ni fundi cherehani, miaka hamsini na mmoja. Kwa miaka tisa nilishona katika chumba kimoja na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tukakosana hadi salamu ikatushinda. Mwenye nyumba akachoka: mkataba mpya utakuwa na jina moja tu.

Abaki nani? Mimi bila kile chumba sina pa kupokelea mteja.

Tukatia saini kwamba tutamtafuta mwamuzi, na atakalosema ndilo. Nikampendekeza mstaafu mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mizani. Hujisifu kwamba hajawahi kuegemea upande wowote, hata ukuta haegemei. Wifi akakubali.

Nilichonyamazia ni kwamba mimi na Mizani tunasali kikundi kimoja kila Alhamisi.

Basi Mizani akasoma: "Wifi mtu hufunga dirisha makusudi ili mwenzake ashone gizani. Huwaambia wateja mwenzake haoni tundu la sindano. Kwa hiyo chumba abaki nacho mama huyu."

Mama huyu ni mimi. Moyoni nikasema, Mungu hamtupi mja wake!

Wifi akauliza, "Mzee, sijafungua hata mdomo. Hayo ya dirisha umeyatoa wapi?"

"Mwamuzi hahojiwi, mama."

Hapo nikaacha kushukuru. Maneno yale nayajua. Ni yangu!

Niliyasema Alhamisi tatu mfululizo, macho nimefumba, sauti juu: "Ee Mungu, yule mwanamke ananifungia dirisha!" Na Mizani, viti viwili kutoka kwangu, anaitikia amina kwa nguvu.

Ningenyamaza, chumba kilikuwa changu. Nani angejua?

Tatizo ni kwamba mwaka huu nimerudi shule, masomo ya jioni. Wiki ileile mwalimu wetu wa uraia, mdogo kuliko kitindamimba wangu, aliandika ubaoni: mwamuzi atangaze mapema kama anafahamiana na upande wowote, na asisikilize upande mmoja ilhali ule mwingine haupo. Niliyanakili kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari kwa rula. Kwenye jaribio nilipata alama zote.

Alama zote, jamani. Na huku nimekaa hapo kama kuku aliyemeza uzi.

Nikasimama. Nikasema yote.

Mizani akatabasamu kwa huruma. "Dada, maombi si mazungumzo. Wewe ulikuwa unaongea na Mungu."

"Na wewe ulikuwa unasikiliza," nikamjibu.

Wifi alicheka hadi akakaa chini. "Yaani nimesemwa mpaka mbinguni! Wifi, huko nako wamekuamini?"

Uamuzi ukatupwa. Mizani aliondoka akilalamika kwamba siku hizi watu wakisoma kidogo wanaharibika.

Tukapata mwamuzi mwingine, fundi redio wa mtaa wa pili, mwanamke mkavu kama karatasi ya msasa. Kabla ya lolote akasema, "Huyu wifi mtu aliwahi kunishonea sketi. Ilinibana. Anayenikataa aseme sasa."

Wifi akasema hana neno.

Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kimoyomoyo. Sketi iliyobana si shahidi wangu huyo?

Akatusikiliza wote, saa mbili nzima. Akaja chumbani, akalijaribu dirisha. Lilikuwa na bawaba iliyooza, linajifunga lenyewe upepo ukivuma. Miaka yote hiyo, na mimi nimelaumu mkono wa mtu.

Kisha akauliza nani alikodi chumba kwanza, nani alimkaribisha mwenzake.

Ni wifi. Alinikaribisha mimi, nikiwa sina pa kuweka hata meza.

Chumba akapewa wifi, na sababu tukaandikiwa ukurasa mzima.

Sasa nashonea sebuleni kwangu, wateja wanaruka viatu vya wajukuu. Bado nasali, ila mambo ya kesi nayasema moyoni.

Ninyi mnaotafuta mwamuzi, nawaambia ukweli ulionichoma: nilimwomba Mungu mwamuzi wa haki. Aliponipa, ndipo nikajua nilikuwa namtaka wa kwangu.