Mjusi Mweupe wa Babu

Mpaka leo nikipita kwenye vinyago pale Mwenge nikanusa dawa ya viatu, damu inanichemka.

Baba yangu alichonga pale tangu sijazaliwa. Mwaka juzi binti yangu aliona kwenye simu yangu mjusi mkubwa, rangi yake kama mchanga, anayeishi kisiwa kimoja tu dunia nzima, tena kisiwa kidogo. Akawa haongei kingine. Tulipokwenda Kibamba kwa babu yake, akamwonyesha.

"Mke wangu," baba akamwambia, "huyu si kenge wa bondeni hapo?"

"Kenge wewe, babu! Huyu anakula dungusi na miiba yake."

Nikamkata jicho mtoto. Baba akacheka. "Mwache, ni mtani wangu. Haya bibie, nitakuchongea huyu, ndiyo mahari yako."

Wachongaji wa mpingo huutupa ule mti mweupe wa nje, wakabakiza kiini cheusi. Baba akafanya kinyume. Mjusi mzima, mwembamba wa kutosha kiganjani, alimtoa kwenye weupe, na magamba akayachora moja moja kwa ncha ya patasi. Nilimkuta kibandani kwake Mwenge anakaribia kumaliza. "Nikimfanya mweusi," aliniambia, "watu wataona kenge tu."

Wiki hiyohiyo presha ikampanda. Hakuamka.

Baada ya arobaini nikaenda kumchukua mjusi. Kaka yangu, aliyebaki na kibanda, akaniwekea mkononi kitu cheusi tii, kinang'aa.

"Sista, nimemmalizia mzee kazi yake," akasema, anatabasamu kabisa. "Aliacha weupe mwingi. Nimempiga dawa ya viatu, nikasugua na brashi mpaka bega linauma."

"Nani kakutuma?"

"Sasa kazi ya mwisho ya mzee niiache nusu?"

Nilimtukana mpaka mama muuza chai akaja kunivuta mkono. Kaka kasimama tu na brashi yake, haelewi. Bora angemharibu kwa tamaa, ningejua hasira niipeleke wapi. Na ambaye kaka angemwamini akimwambia kwamba mzee alikuwa amemaliza, au karibu, ndiyo huyo tumeshamzika.

Nyumbani tukajaribu msasa. Mgongoni weupe ukaanza kutokea, ila magamba nayo yakawa yanaondoka. Mwanangu akanishika mkono.

"Mama, acha. Unamfuta babu."

Nikaacha. Magamba yaliyokwenda yamekwenda, hakuna wa kuyachonga tena.

Brashi ya kaka haikufika tumboni. Huko bado ni mweupe vilevile alivyoachwa, na alama za patasi zinaonekana. Kwa hiyo mezani kwetu analala chali. Kaka akija kututembelea anamgeuzaga, anamsimamisha vizuri kwa miguu yake, anampangusa na shati. Mie natia chai. Akishafunga geti tu, mwanangu anakwenda mezani, anamlaza tena chali.