Mama Funguo na Ambu Ndogo

Mama Funguo hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama, chakula cha mchana alikila akizunguka kati ya vitanda, na kwenye mikutano ya hospitali aliegemea ukuta karibu na mlango, mguu mmoja ukiwa umeshaondoka. Alikuwa sista mkuu wa wodi ya watoto wachanga, lakini cheo hicho kilitajwa siku za ukaguzi tu. Siku nyingine zote alikuwa Mama Funguo, kwa ajili ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake na kulia cheng'e cheng'e kabla mwenyewe hajatokea kwenye kona. Wauguzi waliokuwa wameegemea ukuta wakisikia mlio ule, ukuta ulibaki peke yake.

Wodi yake ilikuwa na joto la makusudi. Ukiingia na sweta ulitoka nalo mkononi. Humo walilala watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, wengine wadogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili, wamevalishwa kofia kubwa kuliko vichwa vyao. Na watoto hawa wana jambo moja la ajabu: husahau kupumua. Kusahau kabisa, kama mtu anavyosahau kufunga bomba. Mtoto amelala zake vizuri, halafu kifua kinatulia. Muuguzi anamgusagusa unyayo, mtoto anashtuka, anakumbuka, maisha yanaendelea. Asiposhtuka, ndipo inapotakiwa ambu ndogo, yaani mfuko wa mpira wenye kifuniko laini kinachokaa juu ya pua na mdomo. Ukiubonyeza taratibu unampulizia mtoto pumzi mpaka ya kwake irudi.

Sasa, ambu ndogo zilikuwa na miguu. Mtu wa leba, wodi ya kujifungulia, alikuja mbio, "Naazima tu, dada, narudi sasa hivi," na hiyo sasa hivi yake haikufika. Mtu wa chumba cha upasuaji naye hivyo hivyo. Mama Funguo alishawahi kuikuta ambu ya wodi yake juu ya meza ya ofisi fulani, imekandamiza karatasi zisipeperushwe na feni. Siku hiyo alirudi wodini bila kumsalimia mtu, na ndipo alipoanza kuficha.

Alianza na kabati la mashuka. Mtu akaigundua, naye akaihamishia nyuma ya mitungi ya oksijeni. Ikagundulika tena, akaihamisha tena. Kila alipoihamisha hakumwambia mtu, maana aliamini kwamba watu wakijua kitu kilipo, kitu hicho kimeshaondoka. Alibaki na moja tu, na aliilinda kama mboni ya jicho.

Muuguzi mmoja kijana, ambaye wote walimwita Mrefu kwa sababu taa za dari zilikuwa zikimkwepa yeye, alimuuliza siku moja, sasa wao watajuaje ilipo akiwa hayupo. Mama Funguo akamjibu, "Mtaniuliza."

Na kweli walimuuliza. Walimuuliza kila kitu kuanzia asubuhi mpaka anavua aproni. Plasta ya kushikilia mpira wa kulishia puani inakatwaje ili isichune ngozi laini ya mtoto. Soketi ipi inapiga cheche. Mama yupi akihimizwa kukamua maziwa ndipo yanakauka kabisa, kwa hiyo aachwe acheke kwanza. Yeye alijibu swali kabla halijaisha, mikono yake ikiwa tayari inafanya. Kumwonyesha mtu taratibu hakuweza; alikunyang'anya kitu mkononi, akakifanya, akaondoka, nawe ukabaki umefanyiwa bila kujifunza. Jioni alifika nyumbani sauti imekwaruza, na binti yake, fundi cherehani aliyeishi naye, alikuwa akimtania kwamba hospitali nzima imejengwa juu ya kichwa cha mama mmoja, na kichwa chenyewe hakilali.

Kilichomshinda ni jino. Lilimuuma mpaka shavu likavimba, naye akaendelea kutembea nalo, analishikilia kwa ulimi. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, akamwita ofisini na kumpa likizo ya lazima, akamwambia wazi kwamba akimwona wodini wiki hiyo atamtoa kwa mkono wake mwenyewe. Jioni hiyo, kabla ya kuondoka, roho ya Mama Funguo haikutulia. Wiki nzima, wodi bila yeye. Akaihamisha ile ambu kwa mara nyingine, mahali pazuri kuliko pote, huku jino likimpiga nyundo mpaka sikioni. Kisha akaenda nyumbani, na funguo zake kiunoni.

Asubuhi yake alikuwa kwenye kiti cha kliniki ya meno, jengo la pili tu ng'ambo ya ua wa hospitali hiyo hiyo. Jino lilikuwa limeshatoka. Kinywa kilijaa pamba, nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi, na yeye alikuwa amekamata mikono ya kiti kama mtu anayesubiri kibali cha kuinuka. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Mrefu, na hakuinama kwenye fremu, akajigonga paji la uso wala hakuonekana kusikia.

"Mama, yule wa kitanda cha dirishani amesahau," alisema. "Hashtuki. Ambu iko wapi?"

Mama Funguo alishuka kwenye kiti na kitambaa cha mgonjwa kikiwa bado kimefungwa shingoni, akavuka ua kwa mwendo ambao binti yake angeukataza, Mrefu nyuma yake, na nyuma ya Mrefu daktari wa meno ameshika koleo, anauliza kama wanarudi.

Ndani ya wodi daktari wa zamu alikuwa ameinama juu ya mtoto. Alikuwa na ambu ya watu wazima, kifuniko chake amekigeuza juu chini ili angalau kikae kwenye kisura kile, lakini hewa ilikuwa ikitoroka pembeni, unaisikia inavyovuma. Kifua cha mtoto kiliinuka kidogo, kidogo sana. Rangi yake ilikuwa imeanza kwenda kubaya. Mama wa mtoto alisimama kando, amejiziba mdomo kwa khanga.

Mama Funguo akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mashuka, akafungua. Haipo. Bila shaka haipo, huko ilishagundulika zamani. Nyuma ya mitungi, haipo. Akasimama katikati ya wodi, funguo mkononi, na kichwa chake, kile kilichojua kila soketi na kila mtoto, kikawa cheupe kama ukuta. Alikumbuka jinsi jino lilivyokuwa likiuma jana. Alikumbuka harufu ya sabuni mikononi mwake. Alikumbuka kuinama. Mahali penyewe hapakuja.

Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wamezoea kumtazama.

Kuinama. Aliinama wapi? Kwenye kona kulikuwa na mashine ya kuwatia watoto joto iliyokufa siku nyingi, imefunikwa shuka, inasubiri fundi ambaye kila mtu alisema anakuja. Hakuna aliyewahi kuigusa, maana kitu kibovu hakiazimwi. Akalivuta shuka likaanguka, akainama, akafungua kidroo cha chini. Ambu ilikuwa humo, safi, imeviringishwa kwenye taulo.

Daktari aliipokea bila kumwangalia. Akabonyeza, akabonyeza tena, na safari hii kifua kiliinuka sawasawa. Kisha mtoto akakunja uso, akatoa kilio chembamba, cha kulalamika, kama mtu aliyeamshwa mapema. Mama yake akakaa chini sakafuni.

Mrefu ndiye aliyechungulia ile mashine mbovu, na alichokiona kilimfanya ashindwe kunyamaza. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto, mipira ya kulishia, mkasi mzuri, hata kifyonzea makamasi chenye maandishi makubwa kabisa ya chumba cha upasuaji. Akasema taratibu kwamba kumbe Mama ana duka. Daktari akageuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. Mama Funguo, mdomo umejaa pamba, hakuweza kujitetea, na hilo peke yake lilikuwa jambo geni kwa wote.

Matroni alifika baadaye. Hakugomba, na ndiyo maana ilimchoma zaidi. Alimkalisha Mama Funguo kitako kwenye benchi la korido, akamsubiri ateme pamba, akamsikiliza akilalamika kwamba wanachukua hawarudishi, na akakubali kwamba ni kweli. Kisha akauliza swali moja.

"Na kliniki ya meno ingekuwa mji mwingine?"

Mama Funguo hakulala vizuri siku zilizofuata. Alizunguka nyumba. Alipanga vyombo, akavipangua. Binti yake alimwomba akae, akakaa, akasimama. Kila alipofumba macho aliwaona watu wale wakimtazama, naye hana kitu kichwani. Aliporudi kazini, likizo ikiwa haijaisha, alikwenda kwanza karakana ya hospitali, akamwomba seremala kipande kikubwa cha ubao. Akakilaza mezani wodini, akaweka juu yake ambu, mkasi, vipimajoto na kila kitu kilichowahi kufichwa, kisha akazungushia rangi nyeusi kila kimoja, kama mtoto anavyochora kiganja chake. Ubao ukatundikwa peupe, usawa wa macho ya kila mtu isipokuwa Mrefu. Kitu kikiwa hakipo, umbo lake tupu linakukodolea macho. Na anayeazima anaacha kitambulisho chake cha kazi kikining'inia kwenye msumari wa kitu hicho.

Leba waliucheka. Walisema Mama Funguo ameanza kutundika vivuli. Lakini bila kitambulisho hawakupewa chakula kantini, na ikifika saa ya kula, vitu vilirudi vyenyewe. Baada ya muda mkunga mkuu alionekana karakana, anaulizia ubao.

Jambo gumu lilikuwa jingine. Matroni alitaka kila zamu inapopokezana, mtu mmoja awaonyeshe wenzake kitu kimoja anachokijua. Siku ya zamu yake, Mama Funguo alimpa Mrefu plasta na mkasi, akaifunga mikono yake mwenyewe nyuma ya mgongo. Mrefu alikata vibaya. Vidole vya Mama vilikuwa vikicheza nyuma huko, wote wakaviona. Mrefu akakata tena, vibaya kidogo. Mara ya tatu plasta ilikaa puani mwa mtoto kama kipepeo, na Mama Funguo akatoka nje kupunga upepo.

Likizo yake iliyokatika ilirudishwa mwisho wa mwezi. Safari hii funguo za wodi alizitundika ubaoni, kwenye umbo lake, akaenda nyumbani kiuno kikiwa kimya. Alikaa karibu na cherehani ya binti yake akiitazama simu. Haikulia. Ilipofika mchana akashindwa, akapiga mwenyewe.

Mrefu alimwambia wote wazima, yule wa dirishani ameongezeka uzito na sasa anawapigia kelele wenzake. Mama akauliza kama ambu ipo. Mrefu akasema haipo, imeenda leba.

"Nani kachukua?"

"Kitambulisho chake kipo hapa ananichekea kwenye picha. Pumzika, Mama. Saa ya kula inakaribia."

Mama akakata simu. Alikaa nayo mkononi, hajui kama amefurahi au amenyang'anywa kitu. Halafu jirani akachungulia dirishani kuazima mkasi, na binti yake akainuka kuutafuta chini ya vitambaa, akilalamika kwamba jana uliazimwa ukarudi jioni. Mama Funguo akasimama. Akachukua chaki ya kuchorea nguo, akaufumania mkasi kabla haujatoka, akaubana ukutani na kuanza kuuzungushia mstari.

"Mama," alisema binti yake, "huo ni ukuta wangu."

"Najua," alisema Mama Funguo bila kugeuka. "Nitafutie msumari."