Niliyemtaja Mwisho

Shule niliiacha mapema, mama alipojifungua mapacha na mgongo wa kuwabeba ukawa wangu. Kichwa kikabaki na nafasi kubwa, nami nafasi hiyo nikaijaza majina. Nayajua majina ya wanawake wote tuliolima nao maharagwe kule Walungu, na ya watoto wao, hata wale waliokufa wadogo ambao siku hizi mama zao wenyewe hawawataji. Nikikutana na mtu sokoni, nilikuwa namwambia jina lake, la baba yake, na lile ambalo bibi yake alimwita kabla ya ubatizo. Watu walipenda. Waliniletea watoto wachanga wakiniita koko, yaani bibi: koko, muweke na huyu ndani ya kichwa.

Sasa hawaleti. Nitaeleza kwa nini.

Mwanangu wa kwanza anafanya kazi kwenye dhahabu kule Luhwindja. Mwaka mmoja alishuka na televizio, pamoja na paneli ya jua ya kuiwasha, kwa sababu hapa Bagira umeme unakuja unapotaka wenyewe. Tangu siku hiyo, kila Jumapili alasiri salo yangu, sebule, ilijaa: wakubwa kwenye viti vya plastiki, watoto kwenye mkeka, na waendesha pikipiki wamesimama dirishani wakiacha funguo zining'inie vidoleni. Walikuja kwa ajili ya yale mashindano ya vijana waliofungiwa katika nyumba moja. Wanaimba, wanapika, wanagombania sahani chafu, kamera inawaangalia hata wakipiga mswaki. Watu wa nje wanapiga kura kwa simu, na kila Jumapili mwenye kura kidogo anafunga valizi yake na kutoka.

Mmoja wao alikuwa wetu. Binti wa nyumba iliyo chini ya yangu. Maji ya kwanza yaliyomgusa mwilini alipozaliwa, nilimmwagia mimi.

Mchezo wa majina ulianza hivi hivi. Mjukuu wangu, msichana anayekaa nami na kusoma, alisema Jumapili moja kabla ya matokeo: "Koko, taja!" Nikawataja wote waliobaki ndani ya ile nyumba, mmoja mmoja, na miji yao, na majina ya baba zao kama walivyoyasema siku ya kwanza. Salo nzima ikapiga makofi. Yule niliyemtaja mwisho ndiye aliyetoka siku ile. Hakuna aliyeangalia hilo. Jumapili iliyofuata, tena. Na iliyofuata, tena.

Hapo kijana mmoja wa pikipiki, anayekaa nyuma ya parsele, kiwanja chetu, akapiga kelele pale dirishani: "Eeh koko! Kumbe njo weye unafukuzaka batu!"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu.

"Mutoto wetu umutaje wa kwanza kila siku," akasema. "Siku utamutaja wa mwisho, tutakuuliza."

"Mutaniuliza nini? Weye ulikojolea kikwembe yangu, ungali unanuka maziwa."

Wakacheka zaidi. Nami nikawa namtaja wetu wa kwanza, na yeye akawa anabaki.

Halafu ikaja Jumapili ile. Mama yake binti yetu hakuwa amewahi kuja kuangalia kwangu. Saa ya matokeo alikuwa anakwenda kanisani kupiga magoti, alisema moyo wake hauwezi. Siku ile alikuja, na kikwembe chake cha misa, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono imebanwa katikati ya magoti.

Kwetu, ukigawa chakula, watoto wa wengine wanapata kwanza, na mtoto wa nyumbani anapata mwisho. Ukimpakulia wako mbele ya wageni unamwaibisha mama yake, kana kwamba hakumlea. Ni hivyo hivyo kwa sifa. Mama yake alikuwa amekaa pale. Mjukuu wangu aliposema "Koko, taja," mdomo ulikwenda wenyewe njia uliyofundishwa: nikaanza na wa Goma, nikaja kwa wa Uvira, nikaenda hadi wa Kindu, na mwisho kabisa nikamtaja wetu, na majina yake yote, polepole, kama mtu anayeacha nyama ya mwisho ili iwe tamu.

Mama yake akainamisha kichwa. "Aksanti, maman," akasema.

Nilipoinua macho, kijana wa pikipiki hakuwa anacheka.

Basi akatokea yule mtangazaji, na suti yake inayong'aa. Bagira nzima ilikuwa imempigia kura binti yetu wiki ile, watu walimaliza inite zote za simu zao. Mtangazaji akasema kwa Kifaransa, na mjukuu wangu akawa ananifasiria sikioni, kisha akanyamaza katikati.

"Anasema nini?"

"Koko, banageuza sheria."

"Namna gani?"

"Anasema leo mwenye kura mingi njo anatoka."

"Mwenye kura kidogo."

"Hapana, koko. Mingi."

Kamera ikaenda usoni mwa binti yetu. Kwanza alicheka, kama mtu aliyetaniwa. Kisha akaona wenzake wote wanamwangalia yeye.

Salo ililipuka. "Banatuibia!" "Ile ni wizi, ile haiko mashindano!" "Tungejua tungemupigia yule wa Goma!" Mwanamke mmoja aliipiga simu yake kwenye paja kama anayemchapa mtoto. "Ni sisi tumemufukuza," akalia, "ni sisi wenyewe, na vidole vyetu!" Papa mmoja mwenye mvi akajaribu kusema kwamba mchezo ni wao, wanaweza kuugeuza wanavyotaka, wakamfokea hadi akakaa. Mwingine akasema wamegeuza kwa sababu wanaiogopa Bagira. Mimi pia nilifoka. Sheria gani hiyo ya kumwadhibu mtu kwa sababu anapendwa?

Ndipo kijana wa pikipiki akasema, na hakuinua sauti: "Koko amemutaja wa mwisho."

Kelele zikakatika. Yule mwenye suti alikuwa mbali, ndani ya kioo, hakuna mkono wa kumfikia. Mimi nilikuwa pale pale, kwenye kigoda.

Mama yake binti alisimama, akafunga kikwembe chake vizuri, akatoka bila kuaga. Wengine wakafuata. Kulikuwa na mtoto amelala mapajani mwangu. Mama yake alikuja akamwinua taratibu, kama unavyotoa kitu karibu na moto.

Kesho yake kwenye robine, bomba la maji la mtaa, wanawake walisogeza bidoni zao mbali na yangu. Nilisema jambo, wakaijibu ardhi. Nikarudi nyumbani na maji nusu, sikungoja bidoni ijae.

Mjukuu wangu alikuwa amekaa na simu, akaifunika na kiganja aliponiona.

"Soma."

"Koko, hapana."

"Soma, mwanangu."

Alisema mtu alikuwa amenirekodi nikitaja majina, na video ile imetoka Bagira, inazunguka mjini kote, hata kwa watu wasionijua. Mwanzoni wote walikuwa wanaitukana televizio na sheria yake. Sasa wananitukana mimi. "Banasema mubibi akitaja, mutoto anatoka. Banasema ni mulozi."

"Na nini tena?"

Akaanza kulia. "Kuna mwenye ameandika tairi."

Hakuna mtu wa mji huu asiyejua neno hilo linafanya nini likiandikwa karibu na neno mulozi: mchawi anavishwa tairi shingoni, kisha linawashwa. Nilikwenda kuyazima makaa jikoni, na sijui kwa nini, chakula kilikuwa hakijaiva.

Nilimkumbuka mwenzangu mmoja wa Walungu, tuliyekuwa tunapalilia naye mstari mmoja. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Watoto wa kaka yake walimjia na fimbo siku ya kawaida, maharagwe yakiwa motoni, kwa sababu alikuwa amezika wengi na yeye bado anaishi. Akamalizia siku zake kwenye mkeka wa parokia. Hakuwa amefanya neno. Watu wanaojua kwamba hakufanya neno ni wawili, mimi na yeye, na yeye amekufa.

Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja akasimama uani, hakukubali kiti. "Maman, uende kwanza kwa mutoto wako kule Luhwindja. Siku kidogo tu, batu batulie."

"Nikienda watasema nimekimbia."

"Ukibaki, maman, mimi niko mutu moja."

Nilikunja vikwembe viwili, nikavikunjua, nikavikunja tena. Mjukuu wangu hakwenda shule. Alisukuma benchi nyuma ya mlango, akakaa juu yake na daftari ambalo hakulifungua. Mchana huo jiwe lilianguka juu ya mabati. Jua lilikuwa linawaka, kuku wanatembea uani. Jiwe moja. Tukangoja la pili. Halikuja, na kulingoja kulinitafuna kuliko lile lililoanguka.

Siku binti yetu aliporudishwa kutoka kwenye mashindano, tulisikia kelele tangu barabarani. Walikuwa wanapiga bidoni kama ngoma, wanaimba jina lake. Nilichungulia nyuma ya pazia. Sikuwa naogopa hasira tu. Nilikuwa naogopa afya yake. Akirudi na homa, ni mimi. Akijikwaa, ni mimi. Nilimwomba Mungu asikohoe.

Njia ya kwenda kwao inapita mbele ya parsele yangu. Ngoma zilifika hapo zikanyamaza. Kijana wa pikipiki alikuwa mbele kabisa. Nikajua wamefika. Nilichukua rozari, kisha nikaanza kutafuta viatu vyangu chini ya kitanda. Sikutaka kuburutwa bila viatu.

Mlango ulisukumwa, benchi likakwaruza sakafu. Aliyeingia ni binti, peke yake, na nguo zile za televizio.

"Koko," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "niko na njaa!"

Nilikuwa bado nimeshika kiatu kimoja.

"Kule banapika kwa ajili ya kamera, chakula haina ladha. Uko na nini?"

Nilikuwa na bugali ya jana, baridi, na sambaza kidogo. Alivuta kigoda, akakiweka kizingitini kabisa, pale ambapo watu wote wangemwona. "Unipe na mukono yako," akasema.

Kwetu anayekushuku hali kutoka mkononi mwako. Watoto wanafundishwa mapema: yule mama, hata ndizi yake usipokee. Nilikata tonge, nikaweka samaki juu, nikampa. Samaki akaanguka, binti akamwokota akamla. Barabara nzima ilikuwa inaangalia koo lake. Mimi pia. Sidhani kuna aliyeogopa pale kuliko mimi, kwa sababu nilikuwa naufikiria mwiba. Sambaza wana miiba midogo. Mwiba mmoja tu ukikwama.

Alimeza. Akafungua mdomo kupokea tonge lingine.

Akiwa anatafuna, aliniambia chini chini: "Kule ndani batu balituchukulia simu. Nilipotoka njo niliona ile video. Nikasema nisifike kwetu mbele ya kufika kwako." Kisha akaita kwa nguvu: "Maman! Kuya ule!"

Mama yake alisimama langoni, akakaa hapo muda mrefu. Mwisho alikuja. Alimega kipande kidogo, akamwangalia samaki, mimi hakuniangalia, akala. Kilitosha. Watu wakaanza kupumua, mmoja akapiga bidoni, mwingine akaanza kuutukana tena uongozi wa yale mashindano, na nilifurahi sana kusikia wanamtukana mtu mwingine.

"Koko, na mimi je?" akaita kijana wa pikipiki, kicheko chake kikiwa kigumu.

"Weye ukule kwenu. Kikwembe yangu bado inanuka."

Wakacheka, si wote. Nilimnyooshea sahani hata hivyo. Akasema ameshiba.

Sasa muda umepita. Binti anaimba kwenye harusi, na Jumapili salo yangu inajaa tena, si kama zamani, lakini viti havibaki vitupu. Mashindano mapya yameanza, na kabla ya matokeo watu wanaulizana kama sheria itageuzwa tena, wanaficha kura zao kama wanaoficha sukari. Hakuna anayesema koko, taja. Mtoto mmoja mgeni kwenye avenyu alilisema mara moja, na mama yake alimfunika mdomo kwa kiganja, kwa upole, huku ananitabasamia.

Majina ninayo yote. Usiku na mchana yamo. Lakini kwenye robine nasema maman, nasema papa, nasema mutoto, na nikisali rozari nawaombea watu midomo imefungwa.

Mjukuu wangu, anayenirekebishia herufi, ameuliza kwa nini karatasi hizi zote hazina jina la mtu hata moja. La binti, la mama yake, la yule wa pikipiki, la mwenzangu wa Walungu. Nimemwambia majina yanapoandikwa lazima moja liwe la mwisho, na mwezi huu malaria ni nyingi.

"Basi andika langu tu, koko," amesema. "Likiwa moja halina mwisho."

Nimelishika hadi kwenye ncha ya kalamu. Sikuliandika.